Maswali Ishirini na Saba Chini ya Barafu

Saa kumi na moja na robo alfajiri, Ginette Charlebois anaipiga teke mashine ya kulainishia barafu, kwenye tairi la mbele. Mara mbili, kwa mguu wa kulia. Tairi halina tatizo lolote. Ni salamu.

Anapanda, anafungua bomba la maji ya moto, na mvuke unamvaa mpaka miwani inaingia ukungu. Kwa dakika nzima haoni kitu. Hafuti miwani wala hasogei.

"Hapa ndipo ninapofikiria," anasema kutoka ndani ya mvuke. "Dakika moja tu. Baada ya hapo ni kazi."

Ukungu unapotoka anaonekana: mwanamke wa miaka hamsini na tisa, mfupi, ndani ya koti la kijani lenye jina la timu iliyovunjika mwaka 2006. Anaingiza mashine uwanjani. Chini, kisu kipana kinakwangua barafu unene wa ukucha. Nyuma, kitambaa kirefu kinaburutwa na kupaka maji ya moto. Mbele ya mashine barafu imechanjwa-chanjwa kama gogo la muuza nyama. Nyuma yake ni kioo.

Dakika kumi, kazi imekwisha. Saa kumi na mbili wasichana wa hoki wa chini ya miaka kumi na moja wataingia na viatu vyao vya chuma, na kabla kocha hajapuliza filimbi mara ya pili, kioo kitakuwa gogo tena. Leo ataipitia mara tisa.

Huu ni msimu wake wa ishirini na saba katika uwanja wa barafu wa Val-Bruneau, nusu saa kwa gari kutoka mji wa migodi wa Sudbury. Analipwa dola ishirini na nne na senti sitini kwa saa, pamoja na chokoleti ya moto ya bure ambayo hajawahi kuimaliza kikombe kizima. Anasema inatengenezwa na mtu anayeichukia chokoleti.

Mwingine aliyeifanya kazi hii muda wote huo angekuwa anauliza siku ya kustaafu. Ginette anauliza mambo mengine.

Muulize, kwa mfano, kwa nini anatumia maji ya moto kutengeneza barafu. Jibu analo.

"Ya baridi yanaganda kabla hayajashikana na barafu ya chini. Ya moto yanaiyeyusha kidogo, yanazama kwenye mikwaruzo, yanashikana nayo. Hiyo naijua kwa mikono. Ila watu wanasema eti ya moto yanaganda haraka kuliko ya baridi. Hapo ndipo sijui. Nimeweka ndoo mbili nje mara kumi na moja. Mara saba ya moto ikatangulia, mara nne ya baridi. Sasa hapo umejifunza nini?"

Wasomaji wa Tanzania wanakifahamu kisa cha yule mwanafunzi wao aliyeliuliza swali hilohilo kwa sababu ya aiskrimu aliyokuwa akitengeneza shuleni. Ginette hakuwa amekisikia. Aliposimuliwa, aliuliza jambo moja tu.

"Walimcheka?"

Walimcheka.

"Eeh," akasema, akawasha mashine.

Kila Agosti barafu ya Val-Bruneau huanza upya. Sakafu ya zege hupozwa, kisha hunyunyiziwa maji kidogokidogo mpaka ipate ngozi nyembamba ya barafu. Ngozi hiyo hupigwa rangi nyeupe, mistari ya hoki huchorwa, halafu maji tena, tabaka juu ya tabaka, hadi unene wa vidole viwili.

Katikati hapo kuna saa chache ambapo ngozi ya kwanza iko tayari na rangi nyeupe bado haijapigwa. Ndipo wafanyakazi wa uwanja, tangu enzi za waliojenga, huruhusiwa kuandika. Kila mtu kitu kimoja, nyuma ya goli la kaskazini, kwa brashi na rangi ya buluu iliyobaki mwaka uliopita. Wengi huandika jina la marehemu wao, au la mtoto aliyezaliwa mwaka huo. Fundi mmoja wa umeme, miaka mitatu mfululizo, aliandika tusi kuhusu timu ya mji jirani.

Kisha rangi nyeupe inapita juu na maandishi hayaonekani tena. Aprili barafu inavunjwa na kumwagwa nyuma ya uwanja, na kila kitu kinakwenda na maji.

Ginette huandika swali.

La kwanza, mwaka 1998: *Mbona barafu inaelea?* Mwaka 2003: *Nyota zikiwa nyingi hivi, mbona usiku ni mweusi?* Mwaka 2009: *Mwanga ukigonga ukuta, ukuta unausikia?* Mwaka 2012: *Ningechimba shimo hadi upande wa pili wa dunia nikajitupa, ningesimama wapi?* Hilo la mwisho lilimtia wasiwasi fundi wa umeme, akampeleka pembeni kumuuliza kama nyumbani kuko salama.

Mwaka 2017 alifiwa na mama yake mwezi Julai. Agosti walimwachia nafasi pana, wakijua ataandika jina. Akapiga magoti na brashi muda mrefu. Aliposimama palikuwa pameandikwa: *Joto la mkono huenda wapi?*

"Nilimshika mkono mpaka ukawa baridi," anasema. "Nikajua halijapotea. Shuleni walitufundisha, joto halipotei, linahama. Sasa limehamia wapi? Kwenye shuka? Kwenye mkono wangu? Bado liko chumbani mle? Nilikuwa sina wa kumuuliza."

Maswali ishirini na saba, na hadi Februari mwaka huu hakuna hata moja lililokuwa limejibiwa. Hadi Januari, ni wafanyakazi wenzake tu waliokuwa wameyasoma.

"Wenzako wanaandika majina ya marehemu, wewe unaandika mtihani," humwambia dada yake, Huguette, ambaye wanaishi pamoja katika nyumba ya wazazi wao. Huguette ni mkubwa kwa miaka mitatu na huikumbuka hiyo mitatu kila siku.

Kisa cha Ginette na fizikia kilikatika mwezi Februari 1983, akiwa darasa la kumi na moja.

Siku hiyo mwalimu alikuwa akifundisha kwamba vitu vikipoa husinyaa. Chuma husinyaa, hewa husinyaa, kila kitu. Ginette alikuwa amelala na nguo mbili za sufu na koti, kwa sababu mabomba ya maji ya kwao yalikuwa yamepasuka kwa baridi mara ya pili msimu ule. Akanyoosha mkono.

"Nikasema, 'Mwalimu, basi mbona mabomba yetu yamepasuka?' Mimi nilikuwa nauliza kweli! Kama maji yanasinyaa yakipoa, bomba linapasukaje? Darasa zima likacheka. Mwalimu akaniangalia kwa huruma, hiyo ndiyo mbaya zaidi, akasema, 'Charlebois, matatizo ya nyumbani tuyaache nyumbani.'"

Kisha anamtetea:

"Hakuwa mtu mbaya. Alidhani nalia shida."

Hakunyoosha mkono tena. Wala hakupata muda wa kutosha wa kuunyoosha. Wiki mbili baadaye mgodi ulipunguza watu, baba yao akawa mmoja wao, na Ginette akaenda kuosha vyombo hotelini. Kitabu cha fizikia alikirudisha shule kama ilivyotakiwa. Alikuwa amefika ukurasa wa 143.

Ukurasa huo anaukumbuka kama wengine wanavyokumbuka sura ya mpenzi wa kwanza. Juu kulia, picha ya mtu mwenye kofia akisukuma sanduku. Katikati, mshale. Chini kabisa, mstari mmoja: *Lakini je, nini hutokea msuguano ukiondolewa? Tazama ukurasa unaofuata.*

"Sijautazama," anasema. "Miaka arobaini na mbili."

Huguette anacheka mpaka anashika meza. "Mtu anafanya kazi barafuni! Msuguano umeondolewa wote, uko chini ya miguu yako, na bado unataka ukurasa. Toka hapo nje ukaanguke, utajua kilichoandikwa."

Ginette ameanguka mara nyingi. Bado anautaka ukurasa.

Kila mwezi Februari, maktaba ya Val-Bruneau huwa na jioni ya maswali. Chini kabisa ya mgodi mmoja wa eneo hili, kilomita mbili ndani ya mwamba, wapo wanasayansi wanaovizia vijisehemu vidogo vinavyotoka kwenye jua na kupita katikati ya kila kitu bila kubisha hodi. Mmoja wao hupanda juu, hupewa kahawa na donati, na watu kumi na wawili waliojiandikisha humuuliza kila mmoja swali moja.

Ginette alihudhuria miaka mitatu mfululizo bila kujiandikisha. Kila mwaka aliondoka nyumbani na swali kwenye kadi mfukoni, na kila mwaka kadi ilirudi nyumbani. Desemba iliyopita, kwa mara ya kwanza, alijiandikisha. Nambari saba.

"Alirudi kama mtu aliyeposwa," anasema Huguette. "Akapika pai ya nyama ya sikukuu siku ya Jumanne. Jumanne! Nikajua kuna jambo."

Alikuwa na uhakika hata wa swali. Ni lile alilokuwa ameandika Agosti chini ya barafu, lililotokana na kazi yenyewe. Kila siku anailainisha barafu, na kila siku inakwaruzwa. Hajawahi, katika miaka ishirini na saba, kuingia asubuhi akakuta mikwaruzo imejifuta. Upande mmoja mambo yanakwenda yenyewe. Upande wa pili lazima atafutwe Ginette. Kwa nini?

Akaliandika kwa maneno machache, herufi za urefu wa mkono: KWA NINI BARAFU HAIJILAINISHI YENYEWE?

Sasa hapa ndipo lilipotokea kosa ambalo mtu asiyetengeneza barafu hawezi kulifanya.

Rangi nyeupe hupigwa mara tatu. Agosti ile, alipofika nyuma ya goli la kaskazini, pua ya bomba iliziba kila alipolifungua. Akapiga mara moja. Akainama, akatazama: nyeupe kama maziwa. Akaendelea na mengine.

Alichosahau ni taa. Uwanja wa Val-Bruneau hubana umeme. Mwaka mzima huwashwa taa nusu, na macho ya wafanyakazi yamezoea. Taa zote huwashwa mara moja tu, katika mashindano ya Januari.

Basi ikafika Jumamosi ya mashindano. Watu mia nne kwenye majukwaa, vuvuzela, ngoma, chipsi zenye jibini na mchuzi mzito zikipita mkono kwa mkono. Meneja wa uwanja, Wayne Tessier, akapandisha swichi zote kwa fahari kama anayezindua mji.

Na nyuma ya goli la kaskazini, kupitia rangi nyembamba, herufi za buluu zikaibuka moja moja.

Kwanza wakasoma wa jukwaa la karibu. Kisha kicheko kikazunguka uwanja mzima. Watu hawakuona fizikia pale. Waliona mfanyakazi aliyechoka.

"Ginette amegoma!" mtu akapiga kelele.

"Mwacheni mama apumzike!"

Yalipofika mapumziko na mashine ikaingia, mashabiki wa timu ngeni walikuwa wameshatunga wimbo. Ulikuwa na maneno mawili, jina lake na *ijilainishe*, nao waliuimba dakika zote kumi za duru yake, wakigonga vioo. Ginette aliendesha akitazama mbele. Kila alipopita goli la kaskazini alipita juu ya swali lake mwenyewe, na maji ya moto yakazidi kuling'arisha.

Baada ya mechi Tessier alimwita ofisini.

"Ginette, kama kazi imekuzidi, chama cha wafanyakazi kipo. Kuna fomu. Huniandikii malalamiko kwenye barafu."

"Si malalamiko, bosi."

"Ni nini basi?"

"Ni fizikia."

Tessier, mtu wa kilo mia moja na kumi aliyewahi kucheza beki, akafungua droo ya fomu, akaifunga.

"Afadhali ingekuwa malalamiko," akasema hatimaye. "Malalamiko nina fomu."

Mjini lilikuwa jambo la wiki nzima. Kwenye duka la vyakula mtunza fedha alimuuliza kama maziwa yajibebe yenyewe. Alitabasamu kama inavyotakiwa. Jumatatu alipiga simu maktaba na kuomba nambari saba afutwe.

"Nilisikia sauti ya yule mwalimu," anasema. "Matatizo ya nyumbani tuyaache nyumbani. Nikasema, Ginette, umeuliza mara mbili maishani, na mara zote mbili wamedhani unalia. Inatosha."

Huguette, ambaye hana kawaida ya kukosa la kusema, wiki ile hakumtania. "Alikuwa anaosha vyombo vilivyo safi," anasema. "Ningemtania nini?"

Jumamosi mbili zikapita. Ya tatu, asubuhi, mama wa kipa wa wasichana alibaki barafuni baada ya mazoezi, akiwa na viatu vya kawaida, ameinama nyuma ya goli akimulika barafu kwa simu. Anaitwa Carlene Nakogee, Mkrii, wa jamii ya wenyeji asilia wa James Bay, miaka thelathini na sita. Ginette alikuwa langoni, amekwisha washa mashine.

"Mama, samahani. Nani ameandika hiki hapa?"

"Sijui," akasema Ginette.

"Hujui?"

"Huandika watu wengi."

Nakogee akamtazama, akaitazama mashine, akaitazama ile rangi ya buluu iliyokauka ukingoni mwa koti la kijani.

"Haya. Ukimwona aliyeandika, mwambie ninafanya kazi kule chini, mgodini. Maabara."

Ginette akazima mashine.

"Mwambie Alhamisi ni zamu yangu kuja maktaba. Na mwambie swali lake kwetu halichekwi. Nimelimulika na kulisoma hapa wiki mbili, kila nikija kufunga kamba za viatu vya mtoto, na usingizi unanipaa."

"Nitamwambia."

"Ni mtu wa aina gani huyo?"

"Mzeemzee hivi. Mbishi."

"Ndio tunaowataka," akasema Nakogee, akaenda zake kwa hatua fupi fupi za mtu asiyetaka kuanguka mbele ya fundi wa barafu.

Alhamisi hiyo saa kumi na mbili jioni maktaba ilikuwa na viti arobaini, na vyote vilikuwa na watu. Ginette alikaa cha mwisho karibu na mlango, koti hajavua. Kadi ilikuwa mfukoni. Nafasi yake ya saba ilikuwa imeshapewa mzee mmoja aliyetaka kujua kwa nini maikrowevu yake inapasha sahani na kuacha supu baridi.

Mtu wa nane akauliza kuhusu mashimo meusi ya angani. Wa kumi naye mashimo meusi. Wa kumi na mbili akauliza kama choo cha maabara kiko kilomita mbili chini pia. Kiko. Mwenye maktaba akainuka kushukuru.

"Ngoja kidogo," sauti nzito ikasema kutoka mstari wa tatu. Alikuwa Tessier, na donati mkononi. "Kuna mmoja amebaki. Yule pale mwenye koti la timu iliyokufa."

Shingo arobaini zikageuka. Leo Tessier anasema alikwenda kule kuhakikisha tu kwamba si malalamiko.

Ginette akasimama. Anasema kadi aliitoa mfukoni, lakini miwani ilikuwa imeingia ukungu, kwa hiyo akasema kwa kichwa.

"Mimi ndiye niliyeandika. Kwa nini barafu haijilainishi yenyewe? Simaanishi nimechoka. Namaanisha kwa nini."

Hakuna aliyecheka. Nakogee alikuwa ameshaweka kahawa chini.

"Fikiria namna zote ambazo chembe za barafu ile zinaweza kujipanga," akasema. "Namna za kuwa laini kabisa ni chache mno. Za kuwa na mikwaruzo hazihesabiki. Ukiiacha barafu ijiendee, itaangukia kwenye zile nyingi. Lakini sikiliza, mama: kujilainisha hakukatazwi. Sheria tunazozijua hazikatazi. Ni kwamba ungengoja, ungengoja, ulimwengu huu ungezeeka mara nyingi na bado ungekuwa unangoja."

"Haikatazwi?"

"Haikatazwi."

"Tessier, umesikia? Haikatazwi."

Hapo ndipo watu walipocheka, na Ginette alikuwa mmoja wao.

"Na wewe unapoilainisha," Nakogee akaendelea, "mashine inachoma gesi, inatoa joto na moshi. Unaondoa mikwaruzo pale, unaitia dunia mikwaruzo zaidi mahali pengine. Ukijumlisha yote, mikwaruzo huongezeka."

Ginette hakukaa. Utaratibu ni swali moja, na kila mtu ukumbini aliujua. Alisimama ameshika kiti cha mbele yake.

"Daktari, ngoja. Kama kila kitu kinaelekea kwenye mikwaruzo, basi jana kilikuwa laini kidogo kuliko leo. Na juzi zaidi. Nikirudi nyuma, nikirudi nyuma, mwanzoni kabisa kilikuwa laini sana." Akairudisha kadi mfukoni. "Nani aliilainisha ile ya kwanza?"

Nakogee akakaa kwenye ukingo wa meza, mguu mmoja ukining'inia.

"Hatujui," akasema.

"Nyinyi wa hapa Sudbury?"

"Hakuna anayejua."

"Popote?"

"Popote. Wapo waliotumia maisha yao yote kwenye hilo ulilouliza sasa hivi."

Ginette akakaa. Huguette, aliyekuwa kiti cha pembeni, anasema dada yake alikuwa akilia na kutafuna donati kwa pamoja, jambo ambalo halikumpendeza mtu kulitazama.

"Miaka yote nilidhani wenye majibu wako kwenye chumba kimoja, wamefunga mlango, na mimi niko nje kwenye theluji," anasema Ginette. "Kumbe na wao wako nje."

Hilo halikuiponya hamu yake. Ukimsikiliza, limeichochea. Anapozungumza juu ya darasa lile la 1983 bado huelekeza kidole kana kwamba dawati la dirishani liko palepale na koti lake limetundikwa mgongoni mwa kiti. Kitabu hakichapishwi tena. Huguette, kwa siri ambayo hakuweza kuitunza hata siku mbili, amekitafuta katika maduka ya vitabu vikuukuu hadi North Bay. Alipata cha jiografia. Akakinunua hata hivyo.

Mwezi Machi Ginette alijiandikisha katika kituo cha elimu ya watu wazima mjini Sudbury: fizikia, darasa la kumi na moja, kuanzia Septemba, Jumanne na Alhamisi asubuhi. Asubuhi hizo mashine ataiendesha Tessier mwenyewe. Amejaribu mara mbili na mara zote mbili ameigonga kwenye lango.

"Sasa nifanyeje," anasema Tessier. "Haijilainishi yenyewe."

Aliyempokea kituoni alimuuliza kwa upole kama angependa kuanza na darasa la chini zaidi, kwa kuwa muda umepita mwingi. Ginette alimjibu kwamba anajua kabisa alipoishia. Ukurasa wa 143.

Leo ni wiki tatu kabla ya barafu kuvunjwa. Wasichana wamekwisha kuingia, na kioo kimekwisha kuwa gogo. Nyuma ya goli la kaskazini, chini ya taa nusu, hakuna kinachoonekana. Ginette ameshaomba ruhusa ya kukata kipande kimoja kabla hakijamwagwa, chenye alama ya kuuliza tu. Huguette ametenga nafasi kwenye friza, kati ya mfuko wa matunda pori na nyama ya kulungu.

Swali la ishirini na nane liko tayari kwa ajili ya Agosti. Ni lile la maktaba, neno kwa neno: NANI ALIILAINISHA ILE YA KWANZA?

Tessier anapita na kikombe cha chokoleti, anasimama karibu na mashine, anainua kidole.

"Rangi nyeupe mara tatu, Ginette. Bomba lizibe lisizibe. Nataka mara tatu."

"Sawa, bosi."

"Nimesema mara tatu."

"Nimesikia, bosi. Tatu."

Ginette anamsubiri apande ngazi zote hadi ofisini na mlango ufungwe. Kisha anavua miwani, anaifuta vizuri kwa ncha ya koti, kioo cha kwanza, kioo cha pili, anaivaa.

"Moja," anasema. "Napiga mara moja tu."